Niwashie Mama

Mekhé, 14 Januari

Kwa mdogo wangu Seynabou,

Nyumba nzima inakusalimu, wakubwa kwa wadogo, hata kuku wangekusalimu kama wangepewa nafasi. Sisi wazima. Shemeji yako Mor ana viatu vya kushona mpaka anaota gundi. Mama mkwe goti limemwachia, sasa anafika tena kwa majirani kusengenya watu, na afya yake imerudi yote. Wanangu Talla na Mbaye wanasoma na kupigana, kupigana zaidi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kama bibi wa zamani wakati simu ipo. Simu ipo, lakini siyo yangu tena, ni ya mwanao Arame. Nikikurekodia ujumbe wa sauti, nyumba nzima inasikiliza, mama mkwe akiwa mstari wa mbele. Kwa hiyo nimeshika kalamu na kuandika kwa zile herufi za Kurani alizotufunza marehemu baba. Anakuletea Ndongo, dereva wa lori la viatu. Hajui kuzisoma, nilimuuliza kwanza.

Arame mzima. Anakula. Kila mchana ukipiga, namkalisha kwenye kigoda chake pembeni, simu nimeiegemeza kwenye birika, sahani yake ya peke yake mapajani kwangu. Wewe unasema, "Fungua mdomo, kipenzi," mimi natia kijiko. Ukikata, namwekea katuni, namalizia. Sahani inabaki nyeupe, kama unavyoona mwenyewe.

Ila, mdogo wangu, sisi wote tuko kwenye mkeka tumezunguka bakuli, yeye yuko kule kama mgeni wa serikali. Talla anamwita Bibi Harusi. Ana miaka minne; Talla katika umri huo alishajua kushika ukingo wa bakuli kwa mkono wa kushoto na kula pale mbele yake. Mkono wa kushoto wa Arame unashika simu.

Nilitaka kukuomba tu: huwezi kupiga baada ya chakula badala ya wakati wa chakula? Ni wazo tu. Usikasirike.

Dada yako, Maguette


Cap Skirring, 9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imechelewa, lori lilikwama Farafenni kwa ubovu wa gari na ukaidi wa dereva. Nimeisoma nyuma ya kamba za nguo, mashuka yakinipiga usoni. Nimefurahi kusikia goti la mama mkwe limepona, na nawahurumia majirani.

Huku hotelini wageni wamejaa. Wazungu wanaoga baharini, wanarudi na mchanga, wanalala nao kitandani. Mchanga wote wa pwani hii umepita mikononi mwangu. Mikono imepasuka kwa sabuni lakini mwili mzima.

Sasa hilo wazo lako. Dada, nimelisoma mara nyingi na kila mara linanichoma. Nilipoachika na baba yake Arame akaenda zake Tambacounda kuoa, nilimwacha mtoto kwako kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Nusu saa ile ya mchana ndiyo umama wangu wote. Siwezi kumwogesha, siwezi kumsuka. Naweza kumwambia afungue mdomo, akafungua. Unataka nimpigie ameshashiba, anataka kwenda kucheza, anaona sura yangu kama tangazo la sabuni? Mwaka mmoja wa hivyo atanisahau.

Tena analo tatizo gani? Anakula! Wangapi wanalia watoto wao hawali?

Talla mwambie nitakuja kumvuta masikio. Nimempa Ndongo biskuti za Arame, mfuko mzima, na kitambaa chako cha gauni. Hukuniambia analala vipi. Uliniambia kila kitu ila hicho.

Mdogo wako, Seynabou


Mekhé, 20 Machi

Kwa Seynabou,

Ramadhani inakaribia kutuaga na bado tuna nguvu, tunashukuru. Kitambaa nimekipokea, fundi ameshakiharibu kwenye mabega. Mor amepata wateja wa Idi, hata mimi nimewekwa kupaka rangi soli.

Umeuliza analala vipi. Analala akishika simu, anaamka akiitafuta. Chaji ikikaribia kwisha anaanza kulia kabla haijazima, ameshajua ile alama nyekundu.

Wiki jana mtandao ulikatika siku nzima na zaidi. Seynabou, hakula. Si kwamba alikataa wali; hakujua la kufanya nao. Nilimletea kijiko, akafunga mdomo akatazama birika pale simu inapokaa. Jioni nikampa biskuti zako, akala zote, akatapika zote.

Nikampeleka zahanati kwa ajili ya tumbo, maana choo nacho kimekuwa shida. Muuguzi, binti mdogo mpole, akamuuliza, "Arame, leo umekula nini?" Akatazama simu mkononi mwangu. "Jana je?" Akanitazama mimi. Alikuwa amekula wali na samaki saa moja kabla, mimi dada yako ndiye niliyemlisha. Hakujua. Muuguzi akaniambia mtoto wa namna hii huwa hasikii njaa wala shibe, ni kumjaza tu kama gunia. Nilijibu kwamba mama yake yuko mbali. Akasema, "Najua, wengi ndivyo walivyo," wala hakunilaumu.

Ile sahani nyeupe unayoifurahia, mimi ndiye niliye karibu nayo. Naweza kumtia wali au kokoto, atameza hivyo hivyo.

Koo lilimsumbua kidogo siku zilizopita, limepita. Usihofu.

Idi njema mapema. Katuni za sasa zinaimba kwa lugha nisiyoijua lakini nimezihifadhi zote kichwani, Mungu anisamehe.

Maguette


Cap Skirring, 16 Aprili

Dada Maguette,

Salamu kwa shemeji, kwa mama mkwe, kwa watoto. Huku wazima. Nimemaliza salamu.

"Koo lilimsumbua kidogo." Koo! Ndongo amekuja kunipa barua yako, akanipa na pole. Nikamuuliza pole ya nini. Maskini akashtuka, alidhani najua. Ndipo akaniambia alikuwa uani kwenu akipakia viatu, akasikia makelele, akamkuta mwanangu macho yametoka na mate yanamtiririka, mfupa wa samaki umenasa kooni. Kwamba yeye ndiye aliyekubebeni kwa lori mpaka zahanati. Kwamba yule muuguzi mpole wako aliutoa kwa koleo. Kumbe ndiyo safari ya "tumbo"!

Unanificha mimi? Mimi niliyemzaa? Ungeandika nini angekufa, "amepumzika kidogo"?

Ukimlisha samaki mtoto, unachambua mifupa kwanza. Hata mimi naijua kazi hiyo na nimekaa na mashuka tu. Usiniambie simu. Simu haina mifupa. Kuanzia sasa uinamishe kamera nione kijiko, nitaangalia mwenyewe kila tonge.

Kisha sikiliza. Nimeomba ruhusa ya Tabaski, Idi ya kuchinja, na nimepewa. Nakuja. Nitamlisha kwa mkono wangu mwenyewe, bila simu, bila katuni, na utaona kama mtoto hali. Mtoto anamtaka mamake, basi. Nyinyi mkishindwa mnasingizia mitambo.

Nitatulia, lakini leo bado.

Seynabou


Cap Skirring, 19 Juni

Dada yangu,

Nimefika salama. Mashuka yalikuwa yamenisubiri kwa uaminifu. Nakushukuru kwa nyama uliyonifungia, tuliila mimi na wenzangu wa kufua, wamekusifu.

Tuliagana asubuhi ile kituoni tukazungumzia foleni na bei ya kondoo. Wewe hukulisema na mimi sikulisema. Nimejua hutaniandikia kwanza, kwa huruma yako. Basi wacha niandike mimi.

Siku ya Tabaski nilivaa nguo yangu ya bluu. Nyama imeiva, vitunguu vimelainika, nimetandika mkeka wetu wa wawili kando ya ukuta. Arame alikuwa akinizoea tangu jana yake, aliniachia hata nimsuke. Nikamega nyama, nikaondoa mafuta, nikapuliza, nikapeleka mdomoni kwake. "Fungua mdomo, kipenzi," kama siku zote. Akageuza uso. Nikarudia. Akakutazama wewe uliyekuwa mlangoni na beseni, akasema, "Mama mkubwa, niwashie mama."

Ukacheka kidogo kwa woga, nilikusikia. Ukamwambia, "Mama si huyu hapa?"

"Huyu siye. Mama yumo kwenye simu."

Nilimbembeleza. Nilimwimbia. Nikaipaka nyama mchuzi, nikaigeuza ndege, ikaruka. Akaanza kulia kwa njaa, nyama iko inchi moja na mdomo wake. Wageni walikuwa wanakaribia kuingia. Ndipo nikanyanyuka, nikaenda nyuma ya banda la kondoo, pale damu ilikuwa bado mbichi mchangani, nikakupigia simu. Nilikupigia simu nikiwa uani kwako, Maguette. Ukapokea bila kuniuliza neno. Ukaiegemeza kwenye birika. Na mimi, nimesimama kwenye samadi na nguo yangu ya bluu, nikasema, "Fungua mdomo, kipenzi."

Akala nyama yote. Aliniangalia kwa mapenzi makubwa. Nilikuwa nasikia kutafuna kwake mara mbili, simuni na ng'ambo ya ukuta.

Nililia njia nzima mpaka Kaolack, abiria mmoja akadhani nimefiwa akanipa maji.

Nimekulaumu kwa mengi na ninakuomba radhi. Lakini kuna jambo sikukuambia wakati ule ulipoomba nipige baada ya chakula, na ndilo lililonifanya nikukatalie kwa ukali vile. Mimi pia silali njaa kwa sababu ya nusu saa hiyo. Wenzangu wanapakua bakuli lao chini ya kamba za nguo, wananiita kila siku, "Seynabou, njoo tule!" Nawaambia nimefunga, nimeshiba, nina kazi. Kisha naenda stoo na mkate wangu, nawasha simu, namwona Arame anatafuna, na mimi natafuna. Siku mtandao ulipokatika kwenu, mkate wangu niliurudisha mfukoni.

Kwa hiyo hofu ilikuwa yangu, nikamvika mtoto.

Kuanzia Jumatatu sipigi mchana. Nitapiga Ijumaa baada ya swala ya alasiri, na akitaka kukimbia kucheza, mwache akimbie. Mketishe kwenye bakuli na wenzake. Akilia usiniambie nirudi kupiga, maana nitapiga.

Seynabou


Mekhé, 24 Julai

Mdogo wangu mpenzi,

Mvua imeshika, ngozi za Mor hazikauki, naye mwenyewe amenuna kama ngozi. Mama mkwe anakusalimu sana, nitakueleza kisa chake. Talla amepasi, Mbaye amepasi kwa kuvutwa.

Barua yako niliisoma jikoni nikafuta machozi na moshi ukanisaidia kudanganya. Siku ile nilipopokea simu yako nilikuwa naona pindo la nguo yako ya bluu likitokeza kwenye pembe ya banda. Nilitaka kuizima nije nikukumbatie. Nikaogopa mtoto atalala njaa. Tulikuwa wawili waoga, basi.

Sasa habari. Nitakueleza yote, mifupa na nyama.

Jumatatu nilimwambia, "Simu imeenda kazini na mama. Leo tunakula pamoja." Akapiga teke birika. Nilifanya kama alivyosema muuguzi: mweke mbele ya chakula, usimlazimishe, usimbembeleze, kikiondolewa kimeondolewa. Mchana hakula. Usiku alikunywa maziwa akanigeuzia mgongo. Siku iliyofuata namtafuta nimpeleke kwenye bakuli, simwoni. Namkuta chumbani kwa mama mkwe, wawili hao wamejifungia, biskuti katikati, tamthilia imewashwa, wote midomo wazi!

"Mama, ndiyo nini hii?"

"Mtoto akifa njaa nyumba hii, jina langu ndilo litakalotajwa, siyo lako!"

"Hafi, mama. Muuguzi amesema."

"Muuguzi amezaa wangapi?"

Ndipo nikagundua yeye mwenyewe ana miezi haji kwenye bakuli, sahani yake inapelekwa mbele ya televisheni na sote tunasema ni goti. Nikamwambia kwa adabu, "Basi mama, njoo wewe umfundishe, sisi ametushinda." Hilo likampendeza. Kesho yake alikuja na mto wake, akaketi, akamkamata Arame mkono wa kushoto akauweka kwenye ukingo. "Shika sawasawa. Bakuli likiteleza wali ukamwagika, watu wote hapa watalala njaa kwa ajili yako."

Arame akashika. Seynabou, alishika kwa mikono miwili, amekunja uso, ameliangalia lile bakuli muda wote wa chakula kana kwamba lina miguu. Hakula punje. Lakini aliliangalia. Mbaye alipotaka kulivuta akamfokea, "Acha! Nimeshika mimi!"

Siku ya pili akalamba kidole. Kisha akaonja ukoko wa chini ya sufuria, akauliza unaitwaje. Akauliza na kabichi inaitwaje. Akaweka karoti mdomoni, akaitoa, akaniangalia kwa hasira. Mwanao hapendi karoti! Mwaka mzima nimemlisha karoti, na wewe ukimsifu, na hana habari. Nilicheka mpaka Mor akaacha kushona.

Samaki mama mkwe anamwekea pale mbele yake na kumwambia atafute mwenyewe kwa vidole. Mimi roho iko juu kila mara, sikufichi. Juzi alitoa mfupa mdogo kama uzi, akauinua tuuone wote, akauweka kando. Halafu akala.

Jana aliondoa mkono kwenye bakuli wali ukiwa bado upo mbele yake. Akasema, "Nimeshiba." Sijawahi kusikia neno hilo kwake. Nilimwangalia mama mkwe, naye akajifanya anatafuta mto wake.

Choo kimetengemaa. Anaamka bado akiitafuta simu, siku nyingine analia sana, sitaki kukuuzia muujiza.

Na hili nitakuambia kwa sababu tumekubaliana kutofichana: siku kumi za kwanza hakukutaja. Wala mara moja. Nilikuwa nikingoja atakapokutaja ili nikuandikie, ndiyo maana barua imechelewa. Ijumaa unapompigia umeona mwenyewe, anakupa dakika chache halafu mbio. Najua inauma. Nilikuwa naiona sura yako.

Dada yako anayekupenda, Maguette


Cap Skirring, 11 Agosti

Dada Maguette,

Mungu awazidishie mvua na awakaushie ngozi. Mama mkwe mbusu mkono kwa niaba yangu, na umwambie goti lake limefanya kazi kubwa kuliko hospitali. Mor mwambie anune taratibu.

Ulivyoandika kwamba hakunitaja, niliikunja barua nikaendelea kufua. Nilifua kutwa nzima. Nilisema moyoni, basi, kilichoniogopesha ndicho kimetokea, na nimekitaka mwenyewe. Wakati wa chakula nilikaa stoo na mkate, simu imezimwa, natazama ndoo. Wiki zote hizi nimekuwa nikitazama ndoo, dada.

Ijumaa hii nilipopiga, wewe ulikuwa umeenda sokoni, nadhani hata hujui. Akapokea mama mkwe, akampa. Arame alikuwa ana wali kidevuni. Nikamuuliza umekula nini, akanitajia. Samaki, biringanya, kabichi, "karoti nimempa Mbaye." Nikamuuliza umekula na nani, ili tu nisikie sauti yake zaidi kabla hajakimbia. Akawahesabu wote kwa vidole, mpaka paka.

Hakukimbia. Akaisogeza simu karibu, nikawa naona jicho tu. Akaniuliza, "Na wewe mama, umekula na nani?"

Mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikimtazama anakula, na hakuwahi kuniuliza mimi kama nimekula. Mama aliyemo kwenye simu hali. Sasa ameniuliza, na sikuwa na jina hata moja la kumpa. Nikasema, "Na watu." Akasema, "Watu gani?" Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Nilimkatia mwanangu simu, Maguette, kwa aibu.

Leo mchana wenzangu walipoita nilikwenda. Walisogea bila kushangaa, wakanipa nafasi. Wali ulikuwa wa moto, nikaungua vidole. Mmoja akanimegea samaki, akaniwekea mbele yangu. Nikala mpaka nikashiba.

Ijumaa nitapiga, lakini Ndongo akitangulia kufika, usisubiri. Mwambie Arame mama amekula na Aïda, na Ndella, na Sira mwenye sauti kubwa. Mtajie majina polepole ayashike, maana atauliza.

Seynabou